Mtoto wa Nyar Amerka

Sehemu ya Sita

Wiki jana niliishia pabaya. Nilikuwa nimesimama kando ya kitambaa cheupe, kipaza sauti mkononi, watu mia tatu wananisubiri gizani, na mkebe wa tatu wa filamu umebaki Nairobi. Aliyekosa gazeti lile asihangaike kuliazima kwa jirani. Nitamweleza hapa kwa ufupi, maana hata mimi kuyarudia kunanichoma.

Naitwa Nekoye. Mwaka huo wa 1973 nilikuwa mke wa Wakoli, mpakiaji wa meli pale gatini Kisumu, na tulikuwa na wavulana wawili. Kazi yangu ilikuwa mdomo. Kwenye sinema ya Bwana Badru, mtaa wa Kaloleni, filamu zilikuja na Kiingereza cha puani ambacho wateja hawakukielewa, basi sauti ya mashine ilipunguzwa na mimi nikawasemea watu wa kwenye picha kwa Kiswahili. Niliingia pale kama mfagiaji mwaka 1962. Jinsi nilivyotoka kwenye ufagio nikafika kwenye kipaza sauti nilishawasimulia, na wale waliosema nilimroga Badru nimewasamehe.

Mwanamke niliyemsemea kuliko wote ni Mwamerika mmoja, Verna Whitlow. Wateja walimpa jina lao wenyewe, Nyar Amerka, binti wa Amerika. Alianza kuigiza akiwa msichana wa kucheza densi, akaendelea mpaka akaota mvi, na filamu zake zilitufikia karibu zote, ila bila mpango. Treni ilileta ilicholeta. Wiki hii ana miaka hamsini na kidevu kimelegea, wiki ijayo ana kumi na minane na anaruka juu ya meza.

Sasa watu wa Kisumu hawakutaka kuambiwa huyu ni mwigizaji, kwamba juzi alikuwa mke wa mchunga ng'ombe na leo ni nesi. Uso ni ule ule, basi mtu ni yule yule. Walitaka maisha yake, nami nikawapa. Akitokea mzee, nilisema hii ndiyo leo. Akitokea kijana, nilisema sasa anakumbuka. Mume wa filamu hii nilimuua ili nimpatie nafasi mume wa filamu ijayo. Kwa miaka tisa nilishona filamu ishirini na tatu zikawa maisha ya mwanamke mmoja, na mto wowote ukawa ziwa letu. Theluji ndiyo iliyonishinda. Nilisema ni mvua ya mawe iliyokataa kuyeyuka.

Siku ile mkebe wa pili uliisha Nyar Amerka ana mimba, hana mume, anapanda treni na sanduku lake. Mkebe wa nne ulikuwa unaanza amevaa koti la manyoya, anakula na wakubwa, na mtoto hayupo. Katikati palikuwa na dakika ishirini za kitambaa kitupu. Desturi yetu pale ilikuwa moja. Mkebe ukikosa, taa ya mashine haizimwi na mtu harudishwi nyumbani. Msemaji anajaza.

"Mama, jaza," Badru aliniambia kutoka mlangoni.

Nikajaza.

Nilitafuta uongo wa kusema nikaukosa. Miaka tisa ya uongo, na siku ile mfuko mtupu. Kisha nikasikia sauti yangu kwenye spika inasema jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu.

Nilisema Nyar Amerka alishuka treni hapa hapa Kisumu. Alizaa mtoto wa kike chumbani kwa shangazi yake, na shangazi akasema aibu hii hailali hapa siku ya pili. Akamfunga mtoto mgongoni, akatembea mpaka Dunga, akawakuta wavuvi wanashusha samaki, akampa mama mmoja muuza samaki ambaye hakujaliwa kuzaa. Alimpa mtoto ndani ya beseni la bluu lenye tundu. Mtoto alikuwa na kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto kimepanda juu ya mwenzake. Akamwambia yule mama, "Nishikie mpaka Krismasi." Na Krismasi hakurudi, kwa sababu baba yake mzazi alikuwa ameshapokea ng'ombe wa mahari.

Sasa mmejua. Yalikuwa yangu yote, hata tundu la beseni. Ni mwaka 1957, nikiwa na miaka kumi na saba.

Wakoli aliponichumbia aliniuliza mbele ya wazee kama nimewahi kuzaa. Nikasema sijawahi. Kwetu, mke akirudishwa kwao kwa uongo kama huo anarudi na nguo zake tu. Watoto wanabaki kwa baba. Wepukhulu wangu alikuwa na miaka kumi na mdogo wake sita, na kila usiku kwa miaka kumi na mitano nililala nikijua kwamba neno moja linatosha kunitenga nao.

Na neno lenyewe nimelisema mimi, kwa kipaza sauti.

 Gizani mwanamke mmoja akaanza kulia, akafuatwa na mwingine, na Walubengo, fundi wa mashine, alisahau kuufunga mkebe wa nne kwenye mashine. Nilijipa moyo. Wakoli hakuwepo. Yeye ni mtu wa kanisa la Friends, hakuwahi kukanyaga sinema, na Jumapili mchana alikuwa zamu gatini. Nikajiambia yatapita.

Hayakupita.

Jumatatu sokoni muuza kabichi alinishika mkono. "Mama, mtoto alipatikana?"

"Mtoto gani?"

"Wa Nyar Amerka. Mimi sikulala."

Jumatano nikasikia kanisa moja kule Manyatta limemwombea. Limemwombea mtoto wa mwigizaji wa Amerika, kwa jina la mama yake, na watu wakasema amina. Ningecheka kama ningeweza.

Nilimwendea Badru. Alikuwa anapaka rangi mbao mpya za kukalia, kwa sababu mbao za zamani hazikutosha watu.

"Bwana Badru, mimi nataka kupumzika. Nitafutie mtu mwingine wa kusema."

"Upumzike sasa? Mama, wallahi, watu wanatoka mpaka Bondo. Nikiweka mtu mwingine watanivunjia mlango."

"Basi nimalize hii habari ya mtoto. Niseme alipatikana, basi."

"Usithubutu." Aliweka brashi chini. "Mtafute polepole. Mtafute mpaka Disemba."

Nikaenda kwa Walubengo. Huyu alijua Kiingereza, na ndani ya mikebe mara nyingine alikuta magazeti ya picha aliyoyasoma mpaka yakachanika. Nilimuuliza kama kweli Nyar Amerka alizaa, nipate pa kushika.

"Hajazaa," alisema. "Imeandikwa hapa. Ameigiza mama mara kumi na tisa, lakini mtoto wake mwenyewe hana. Na siku hizi sinema zimemwacha. Yuko kwenye televisheni, anaigiza jaji mjane. Kila wiki joho lile lile, kiti kile kile. Anasema alitaka kuacha, mkataba ukamkatalia."

Nilitazama picha yake. Nimejua mikunjo ya mwanamke yule kuliko ya mama yangu, na sikujua hata hilo. Yeye hana mtoto na dunia nzima inamwita mama. Mimi nina watatu na ninaitwa mama wa wawili. Nilitamani tubadilishane hata siku moja, tuone nani angelia kwanza.

Alhamisi asubuhi mtu alibisha kwangu, pale kwenye nyumba za reli. Nilifikiri ni muuza maziwa. Nikafungua.

Alikuwa Adero, muuza samaki wa Dunga.

Miaka kumi na sita. Alikuwa amezeeka, amepungua, lakini alisimama vile vile, miguu imeachana kama mtu aliye mtumbwini. Kichwani alikuwa na beseni la bluu la samaki. Tundu lilikuwa limezibwa kwa lami.

"Unaniangalia tu?" alisema. "Nisaidie kutua."

Nilimtua. Nilifunga mlango, nikachungulia dirishani kama jirani ameona. Yeye alikaa kwenye kigoda cha Wepukhulu na kuzungusha macho chumbani, akatazama picha ya harusi ukutani.

"Ni huyu mzee wako?"

"Ndiyo."

"Anakaa mtu mzuri."

"Ni mzuri. Adero, umekuja kufanya nini?"

"Mimi sikuja kuharibu boma yako. Hii boma kaa nayo." Alifunua samaki, akafunika tena. "Lakini wewe ulisema nini huko kwa sinema, Nekoye? Sasa watu wanakuja Dunga wanaangalia watoto miguu. Wanaume wazima. Wanasema vua kiatu tuone. Maximilla sasa anavaa raba hata kwa maji."

Maximilla. Mimi nilimwita Nakhungu, kwa siku moja.

"Mmempa jina zuri," nilisema.

"Ni ya ubatizo. Father alimpa." Akalisogeza beseni. "Yeye alikuwa hapo ndani, siku hiyo. Alikuja na wasichana wenzake. Akarudi nyumbani akashika hii beseni, akaiangalia chini. Akaniuliza."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia mama yake ako hai. Jina sikusema. Lakini huyo si mjinga. Anasema nani mwingine angejua tundu ya beseni."

Nilikaa chini sakafuni. Adero hakuniinua wala hakunikemea. Aliniuliza tu, kwa sauti ya kawaida, kama anauliza bei ya unga, "Kwa nini hukurudi?"

"Niliogopa."

"Mimi nilingoja. Hiyo Krismasi nilinunua nyama. Nilisema msichana atakuja na njaa."

Jamani, nimetukanwa mengi maishani, na mengine mmesoma hapa. Hakuna lililonipiga kama nyama ile. Nililia mpaka khanga ikalowa, na yeye akaniacha nilie, mpaka nilipomaliza akasimama, akataka nimtwike beseni.

"Sikia. Huyo mtoto hataki nyumba yako. Hataki kitu. Jumapili nitamleta sinema. Wewe sema huko ndani ya maneno yako ya Nyar Amerka. Sema huyo mwanamke alimtaka mtoto. Sema alikuwa analia kila siku. Maximilla asikie na masikio yake, halafu sisi tunaenda nyumbani. Hakuna mtu atajua. Ni kitu kidogo, Nekoye."

"Nitasema," nilimwambia.

"Unaapa?"

Nikaapa. Nilimwapia kwa watoto wangu, wote watatu, na alipotoka nilijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1957. Nilipika nyoyo, mahindi na maharagwe, nikiimba. Njia ilikuwa imepatikana, na mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti. Ningemwambia binti yangu kwamba ninampenda mbele ya watu mia tatu na hakuna ambaye angejua.

Jumamosi alasiri Wakoli alirudi mapema. Alichukua wembe, akamkalisha Wepukhulu barazani, akaanza kumkata kucha kwa ajili ya kanisa. Hiyo ilikuwa kazi yake kila Jumamosi. Mikono yake ni mikubwa ya kubeba magunia, lakini hajawahi kumjeruhi mtoto hata mara moja.

"Mama Wepukhulu," aliniita.

"Naam."

"Gatini hakuna maneno mengine siku hizi. Ni huyo mzungu wako na mtoto wake. Wanasema mtoto ana kidole kimepanda juu ya mwenzake."

"Ni sinema tu, Baba Wepukhulu."

"Mguu wa kushoto."

"Nilisema tu kitu. Mkebe ulikosa."

Alikuwa ameshika mguu wa kushoto wa Wepukhulu. Alikipima kidole cha mwisho kwa dole gumba lake, akakishusha, kikapanda tena juu ya mwenzake.

"Na huyu wetu alikitoa wapi?" alisema. "Kwetu hatuna."

Nilikuwa nachambua omena, dagaa wa ziwani. Niliendelea kuchambua, sikuona ninachochambua.

"Ni chako," alijijibu. "Nimekiona miaka kumi na mitano." Kisha akacheka. "Sasa unawaazima wazungu vidole vyako?"

Nikacheka na mimi. Tulicheka wote, hata Wepukhulu. Mpaka leo sijui alicheka kwa sababu gani.

"Wamenibadilishia zamu," alisema. "Kesho niko na nafasi. Nitakuja na watoto tukusikie. Na hawa wenzangu wanasema mkitoka tu sinema wanakwenda Dunga, wote pamoja, wamtafute huyo mtoto. Wanasema hawezi kukosekana, Dunga si kubwa. Nitatembea nao."

"Baba Wepukhulu, yule mtoto hayupo. Ni maneno."

"Kama ni maneno tutarudi," alisema, akachukua mguu wa kulia.

Msinihukumu upesi. Ngojeni nimalize ndipo mnihukumu vizuri.

Nililala macho wazi nikipima. Nikisema Nyar Amerka anamtaka mtoto, nani atawazuia watu? Wangeondoka pale mbio, Wakoli katikati yao, mpaka Dunga, mpaka mlangoni kwa Adero, na beseni la bluu liko nje limeanikwa. Nikikataa kusema lolote juu ya mtoto, Badru ataniuliza, watu watapiga kelele, na Wakoli atajiuliza kwa nini nimenyamaza siku aliyokuja yeye. Kila mlango niliousukuma ulifunguka ndani ya chumba kile kile.

Ulibaki mlango mmoja. Walubengo alikuwa ameniambia filamu ya Jumapili ina makaburi. Nyar Amerka, miaka hamsini, anasimama kwenye ile mvua ya mawe iliyokataa kuyeyuka, mbele ya jiwe. Ndani ya filamu ni kaburi la mumewe. Lakini nani Kisumu angejua ni la nani, ila mimi nimwambie?

Mtoto akifa, hakuna wa kwenda Dunga. Watu hulia wiki moja, kisha husahau. Watoto wangu watabaki kwangu.

Na Maximilla? Nilijiambia atakuwa ameelewa. Nilijiambia Adero atamweleza njiani. Mtu akiogopa sana huwapa wenzake kazi nyingi za kufanya.

Jumapili saa tisa ukumbi ulijaa mpaka ukuta wa nyuma. Madirisha yalizibwa kwa magunia kama kawaida, na joto la Kisumu mnalijua. Wakoli alikuwa mbao za mbele, shati jeupe la kanisani, Wepukhulu upande huu na mdogo wake upande ule. Aliniinulia mkono. Wenzake wa gatini walikuwa nyuma yake, wawili wamekuja na baiskeli tayari kwa safari.

Karibu na mlango nilimwona Adero, kitambaa cha kichwa cha kijani. Kando yake alikaa msichana mrefu, amevaa raba nyeupe.

Ana paji la uso langu. Hivyo ndivyo nilivyomwona mwanangu baada ya miaka kumi na sita, kwa sekunde kumi, kisha Badru akafunga mlango na taa zikazimika.

Nilisema vizuri siku ile. Niseme ukweli, nilisema kuliko siku zote. Nyar Amerka alishuka ngazi, aligombana na wakili, alikataa kuolewa na mzee mwenye sharubu, na kila alipofungua mdomo nilikuwa pale kabla midomo haijaachana. Watu walipiga makofi. Mara mbili mtu aliuliza gizani, "Na mtoto?" na mara mbili nikasema, "Ngojeni."

Kisha makaburi yakatokea.

Nataka mjue jambo hili, maana ndilo ninalokiri leo. Nyar Amerka hakusema kitu pale. Alisimama mdomo umefungwa, ameshika maua, anatazama jiwe. Ningeweza kunyamaza naye na hakuna ambaye angenilaumu. Hakuna aliyenishika koo. Mimi ndiye niliyemsemesha.

"Mwanangu," nilisema, na spika ikarudisha. "Nimekuja. Nilichelewa, nikarudi Dunga baada ya ile Krismasi, nikamkuta yule mama analia. Akaniambia surua ilikuchukua ukiwa na miezi mitatu. Hapa ndipo ulipolala. Watu wanakutafuta, lakini mimi nimeshakuona. Waambie waache kutafuta."

Mguno ulipita ukumbi mzima. Mzee mmoja wa gatini alivua kofia. Muuza kabichi wangu alisema, "Yawa, hata hakukua," akaanza kulia. Nilimtazama Wakoli kwa mwanga wa kitambaa. Alikuwa amemweka mtoto mdogo kwenye mapaja, uso umetulia.

Nikajiambia yamekwisha.

"Mimi sijakufa."

Haikuwa sauti kubwa. Wengine walidhani ni mimi, wakatazama spika.

"Kaa chini, msichana," mtu alisema.

"Mimi sijakufa," alisema tena. Alikuwa amesimama. "Na surua sikuugua."

"Maximilla, nyathi, mtoto wangu, kaa," nilimsikia Adero. "Twende nyumbani. Nyathi, twende."

Hakukaa. Alikuja katikati ya mbao, polepole, na kwa kuwa mwanga wa mashine unapita hapo hapo, kivuli chake kikapanda kwenye kitambaa kikamfunika Nyar Amerka na kaburi lake. Watu walianza kupiga miluzi, kisha wakaacha. Alifika hatua chache kutoka kwangu. Hakuwa analia.

"Mama," alisema, "Krismasi hukuja."

Kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni mwangu. Kila pumzi yangu ilisikika mpaka nyuma. Nilifungua mdomo wangu, huu ambao miaka tisa haukuwahi kukosa neno la mtu mwingine, na hakikutoka kitu.

Wakoli alisimama. Alimweka mtoto mdogo kwenye mbao, akamwambia Wepukhulu, "Mshike mdogo wako." Hakunitazama. Alimwendea yule msichana, mtu mzima na shati lake la kanisani, akapiga goti mbele yake kwenye vumbi na maganda ya njugu.

"Mwanangu, niwie radhi," alimwambia kwa upole, ule ule wa Jumamosi alasiri. "Hebu vua raba."

Nyuma yangu picha ilikuwa imeendelea. Nyar Amerka alikuwa ametoka makaburini, uso wake umejaa kitambaa chote, na sasa alikuwa anazungumza, anazungumza, bila sauti.

Badru alikuwa mlangoni. Yeye aliona midomo ya kwenye kitambaa tu.

"Mama," aliita, "jaza."

Msichana alikuwa ameshainama. Alikuwa anafungua kamba za kiatu cha kushoto.